Jioni rasmi melini: tuksedo, suti ya rangi iliyokoza, vipande vya kuchanganya au vazi la asili?

Tiketi imeshalipwa, kabini imeshachaguliwa, na sasa ujumbe wa kampuni ya meli unasema safarini kutakuwa na "jioni mbili rasmi". Hapo ndipo wengi hukwama. Sanduku linaruhusiwa kilo 23, kabatini kuna suti moja ya kazini au gauni moja lililovaliwa kwenye harusi ya miaka minne iliyopita, na picha za mtandaoni zinaonyesha abiria waliopambwa kuanzia utosini hadi kwenye kisigino. Wengine hukimbilia dukani na kununua vitu ambavyo hawatavivaa tena. Wengine huamua kutobeba chochote, kisha jioni ikifika, muziki ukisikika kutoka ukumbini, wanatamani wangekuwa kule na wenzao.

Mimi na mume wangu tumesafiri kwa meli za kitalii mara kadhaa, na kwa miaka hiyo tumejaribu karibu kila njia: kubeba kila kitu, kukodi, kuchanganya vipande, na mara moja kukaa pembeni kabisa. Ninazipenda jioni hizi, na ningependa kila anayekwenda azifurahie bila kubanwa na nguo wala na mfuko wake. Kwa hiyo nitaziweka njia nne kuu bega kwa bega, kisha niseme neno kuhusu wale wasiotaka kuvaa rasmi.

Anza na meli, si na kabati

Neno "rasmi" halina maana moja baharini. Kampuni ya meli ya Cunard bado inashikilia desturi ya zamani: kwenye jioni zake za gala, yaani jioni rasmi, wanaume hutarajiwa kuvaa tuksedo (suti nyeusi ya jioni inayovaliwa na tai ya kipepeo) au suti ya rangi iliyokoza pamoja na tai, na wanawake gauni refu, gauni fupi la hafla au suruali rasmi. Meli yake ya Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, huchukua siku 7 kuvuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, na kwa kawaida jioni mbili za safari hiyo huwa za gala, mara nyingi moja ya nyeusi na nyeupe na nyingine ya barakoa. Princess nayo hupanga jioni rasmi, kwa kawaida mbili katika safari ya wiki moja.

Upande wa pili mambo yamelegea. Carnival huwa na jioni moja ya umaridadi kwa safari ya siku 2 hadi 5, na mbili kwa safari ya siku 6 au zaidi, lakini suruali ya kitambaa na shati la kola vinamtosha mwanamume kuingia. Celebrity iliachana na jioni rasmi za mtindo wa zamani mwaka 2015 na kuweka jioni za kupendeza zisizodai suti. Norwegian ilianzisha mtindo wake wa uhuru mwaka 2000, na kujipamba huko ni hiari ya abiria. Viking haina jioni rasmi kabisa. Virgin Voyages yenyewe ina usiku mmoja ambao watu huvaa nyekundu, basi.

Kabla hujagusa sanduku, soma kanuni za kampuni yako ujue mambo matatu. Kwanza, jioni rasmi ni ngapi. Pili, kiwango cha chini kabisa kinachokubalika ni kipi, maana picha za matangazo huonyesha kiwango cha juu. Tatu, ni sehemu zipi za meli zinabaki huru jioni hiyo. Ratiba nayo haina siri kubwa: jioni rasmi mara nyingi huangukia siku ambayo meli iko baharini kutwa nzima, kwa sababu abiria wana muda wa kujiandaa. Usiku wa kwanza huwa si rasmi, kwa kuwa masanduku bado yanasambazwa kabini kwa kabini. Usiku wa mwisho pia, kwa kuwa masanduku yanatakiwa kuwekwa nje ya mlango yakiwa yamefungwa.

Vigezo vitano vya kupimia

*Mlangoni:* je, vazi hili litakuingiza kwenye ukumbi mkuu wa chakula bila maswali?

*Sandukuni:* linachukua uzito na nafasi kiasi gani, pamoja na viatu vyake?

*Pasi:* litatokaje baada ya siku mbili za kukunjwa? Kigezo hiki wengi hukisahau. Kwenye meli nyingi hairuhusiwi kubeba pasi wala kifaa cha kunyooshea nguo kwa mvuke, kwa sababu moto ndio adui mkubwa wa chombo kilicho katikati ya bahari. Kikionekana kwenye ukaguzi wa mizigo, kinachukuliwa na kurudishwa mwisho wa safari. Baadhi ya meli, zikiwemo za Cunard, zina vyumba vya kufulia vyenye pasi ambavyo abiria hutumia wenyewe bila malipo. Nyingine, kama za Royal Caribbean, hazina, na utalazimika kumlipa dobi wa meli.

*Mwilini:* unaweza kulikalia mezani saa mbili au tatu, kupanda nalo ngazi, na kutembea nalo meli ikiyumba? Kumbuka pia kiyoyozi. Ukumbi wa chakula unaweza kuwa wa baridi hata kama nje ni joto la kutoa jasho.

*Baada ya safari:* litavaliwa tena, au litaning'inia kabatini likila vumbi?

Njia ya kwanza: tuksedo na gauni refu

Hili ndilo vazi linalokuja akilini mtu akisikia jioni rasmi. Kinachonifurahisha ni kwamba tuksedo yenyewe ilizaliwa kama vazi la kustarehe. Mwaka 1865 fundi Henry Poole wa London alimshonea Mwanamfalme wa Wales koti fupi la kuvaa kwenye chakula cha jioni kisicho rasmi, badala ya lile lenye mikia mirefu nyuma. Jina tuksedo lilikuja baadaye, kutoka Tuxedo Park karibu na New York, ambako koti la aina hiyo lilianza kuvaliwa mwaka 1886. Kwa hiyo anayeliogopa kama kitu cha kifalme kisichomhusu, ajue lilibuniwa ili mtu akae mezani kwa raha.

*Mlangoni.* Hakuna meli itakayokuuliza. Kwenye meli za kimapokeo utakuwa mmoja wa wengi. Kwenye meli zilizolegea utaonekana, lakini hakuna atakayekushangaa, maana kila jioni ya umaridadi ina watu walioamua kujipamba hadi mwisho. Jioni yenye rangi maalumu haisumbui tuksedo, kwa kuwa nyeusi na nyeupe inakubalika karibu popote. Gauni jekundu lakini, kwenye jioni ya nyeusi na nyeupe, litakufanya ujisikie umekosea njia.

*Sandukuni.* Hapa ndipo bei yake halisi ilipo. Koti, suruali, shati, viatu vya ngozi inayong'aa, tai ya kipepeo, vifungo vya shati na vya mikono, vyote pamoja hukaribia kilo 3. Gauni refu la kitambaa chepesi halifikii kilo moja, lakini lililoshonewa vidoto vinavyometameta linaweza kuwa zito kuliko suti nzima. Na vitu vidogo ndivyo vinavyoumiza: shati la tuksedo mara nyingi halina vifungo vya kushonwa, hivyo ukisahau kile kikopo cha vifungo nyumbani, shati halifungi. Sisi huviweka ndani ya kiatu cha kushoto, na kiatu hicho hakitoki kwenye begi la mkononi.

*Pasi.* Sufu nzuri husamehe. Ukiining'iniza mara tu unapoingia kabini, mikunjo mingi inaondoka yenyewe ndani ya siku moja. Kwa gauni, kila kitu kinategemea kitambaa. Kile kinachovutika, kilaini, hutoka sandukuni kama kilivyoingia. Shifoni hupona kwa mvuke wa bafuni. Satini na hariri nyororo hushika kila kunjo na kulionyesha chini ya taa. Mahameli ukiibana inabaki na alama. Safari yetu ya pili nilibeba gauni la satini la rangi ya kijani, nikaliviringisha nikiamini ushauri niliousoma mahali. Jioni yenyewe nilifungulia maji ya moto bafuni, nikalitundika nyuma ya mlango, nikaanza kulipapasa kwa kiganja kutoka kiunoni kwenda chini huku mvuke ukinilowesha nywele nilizokwisha kuzitengeneza. Mikunjo ya juu iliisha. Ule mmoja wa mapajani, wa mlalo, ulinifuata hadi mezani. Tangu siku ile gauni langu la melini ni la kitambaa kinachovutika, rangi ya bluu ya usiku.

*Mwilini.* Tuksedo ya kukutosha ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Inayobana kifuani ni mateso ya saa tatu. Kwa gauni, pima urefu ukiwa umevaa viatu vya jioni hiyo, na uache pindo likae sentimita mbili au tatu juu ya sakafu. Melini utapanda ngazi, kwa sababu lifti jioni rasmi hujaa, na pindo linaloburuta ndilo linalokanyagwa, na wewe au na mtu wa nyuma yako. Mchuchumio mwembamba nao hauendani na sitaha ya mbao wala na mawimbi. Kisigino kinene cha wastani, au kiatu bapa chenye urembo chini ya gauni refu, hakuna anayekiona na mguu unashukuru.

*Baada ya safari.* Kama maisha yako yana harusi, karamu na tuzo za kazini, vazi hili litajilipa. Kama hayana, fikiria kukodi. Baadhi ya kampuni za meli zina utaratibu wa kukodi tuksedo kabla ya kuondoka: unatuma vipimo, unaikuta kabini, unaiacha safari ikiisha. Sandukuni hakuna kitu. Hatari yake ni vipimo. Ukitaja kiuno cha miaka mitano iliyopita, katikati ya bahari hakuna pa kubadilishia. Mpe fundi cherehani akupime, usikisie.

Inafaa nani? Anayesafiri na meli ya kimapokeo, anayependa kupigwa picha (jioni hizi wapigapicha wa meli huweka mapazia na taa kwenye ngazi kuu), na anayeadhimisha jambo. Haimfai anayeunganisha ndege tatu na begi la mkononi tu.

Njia ya pili: suti ya rangi iliyokoza na gauni fupi la hafla

Ukisimama pembeni ya mlango wa ukumbi wa chakula jioni rasmi na kuwatazama wanaoingia, wengi wao utawakuta hapa, hata kwenye meli ambazo tuksedo bado zinavaliwa kwa wingi. Suti nyeusi, ya bluu iliyokoza au ya kijivu cha makaa, shati jeupe, tai. Kwa wanawake, gauni linaloishia magotini au kwenye ndama, la kitambaa chenye hadhi.

*Mlangoni.* Inakubalika kwenye meli zote nilizozitaja. Kwenye zile kali zaidi, tai ndiyo inayoleta tofauti, basi usiiache. Suti ya rangi ya mchanga au ya kitani, hata iwe ghali namna gani, jioni husomeka kama vazi la mchana.

*Sandukuni.* Nusu ya mzigo wa njia ya kwanza, kwa sababu suti inafanya kazi siku nyingine pia. Suruali yake na shati la kawaida ni vazi la jioni za katikati ya wiki; koti lake unalivaa kwenye ndege, na hivyo halihesabiwi kwenye kilo. Viatu vyeusi vya suti ndivyo vya kila jioni. Gauni fupi linakunjika na kuwa dogo kama taulo, na ukilibadilishia shali na hereni, jioni ya pili linaonekana jipya.

*Pasi.* Sawa na njia ya kwanza, ila shati la pamba litakusumbua. Lile lililotengenezwa lisikunjamane lina thamani yake hapa.

*Mwilini.* Kwa mwanamke hii ndiyo njia rahisi kuliko zote kwenye ngazi: hakuna pindo la kushika. Lakini miguu iko wazi kwa kiyoyozi, kwa hiyo shali iwe nzito kidogo, isiwe ya kupambia mabega tu. Na ukipanga kutoka nje kuangalia bahari baada ya chakula, gauni pana na jepesi litapeperushwa na upepo wa sitahani mpaka ujute. Lililonyooka, au lenye uzito kwenye pindo, hutulia.

*Baada ya safari.* Ofisini, msibani, harusini, kwenye usaili wa kazi. Sina zaidi ya kuongeza.

Inafaa nani? Anayesafiri kwa mara ya kwanza na hajui kama atarudia. Pia anayetaka kuwa sawa na wengi bila kufikiria sana. Asiyefaidi ni yule ambaye moyoni alitaka jioni ya kipekee: nimewasikia wanawake wakisema, wakiwa mezani na gauni zuri la magotini, kwamba walitamani wangebeba lile refu. Kama lile refu lipo nyumbani na linakutosha, jisikilize.

Njia ya tatu: vipande vya kuchanganya

Hapa hakuna vazi moja kamili. Mwanamume anabeba koti la bluu iliyokoza au jeusi, suruali mbili za kitambaa, mashati matatu, tai moja. Mwanamke anabeba suruali pana nyeusi inayotiririka au sketi ndefu nyeusi, na blauzi mbili tatu: moja ya kumetameta, moja ya hariri, moja ya kawaida. Kila jioni sehemu ya chini ni ileile, ya juu inabadilika.

*Mlangoni.* Kwa wanawake, inapita kila mahali ikiwa kitambaa ni cha jioni. Cunard yenyewe imeitaja suruali rasmi miongoni mwa mavazi ya gala. Kwa wanaume ni tofauti, na ni vizuri nikasema wazi: koti na suruali visivyo pacha si suti. Kwenye meli za kanuni laini hilo ni zaidi ya linalotakiwa. Kwenye meli za kimapokeo, jioni ya gala, unaweza kuelekezwa kwa upole kwenye ukumbi mwingine. Nilishuhudia hilo kwenye meli moja. Mzee wa makamo, koti zuri la mistari midogo, shati wazi shingoni bila tai. Mhudumu mkuu alimsogelea, akainamisha kichwa, akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Mzee akageuka kumtazama mkewe aliyekuwa amejipamba kikamilifu, mkono umeshashika mlango. Walirudi baada ya robo saa, yeye akiwa na tai ambayo nadhani aliiazima kwa mtu. Walikula na kucheka kama wengine, lakini ile robo saa haikuwa ya lazima. Tai haina hata gramu mia.

*Sandukuni.* Hakuna inayoishinda. Ukichagua rangi ya msingi moja, vitu vyako vya jioni kwa wiki nzima vinaenea kwenye begi la mkononi na bado kuna nafasi ya vitabu.

*Pasi.* Chagua suruali pana ya kitambaa kizito kidogo kinachoanguka vizuri. Blauzi ya vidoto vya kumetameta igeuzwe ndani nje, iwekewe karatasi laini katikati, iviringishwe. Vidoto visisuguane na hariri, vinaivuta nyuzi.

*Mwilini.* Raha tupu. Mtu mwenye goti bovu, anayetembelea mkongojo, anayetumia kiti cha magurudumu, au mama mjamzito ambaye hajui tumbo litakuwa wapi mwezi wa safari, atanishukuru. Gauni refu kwenye kiti cha magurudumu huingia kwenye gurudumu, suruali haiingii.

*Baada ya safari.* Kila kipande kina maisha yake.

Inafaa nani? Msafiri wa begi dogo, anayesafiri wiki mbili au zaidi na jioni tatu au nne rasmi, na yeyote ambaye mwili wake haupendi kubanwa. Udhaifu wake ni mwanamume kwenye meli kali, na dawa ya udhaifu huo ni kuhakikisha koti na suruali moja ni pacha. Hapo umehamia njia ya pili bila kuongeza uzito.

Njia ya nne: vazi rasmi la asili

Wengi hawajui kwamba hii ni njia kamili, wala si upendeleo wa kuombewa ruhusa. Kampuni zinazoshikilia jioni rasmi, Cunard ikiwa mojawapo, hukubali vazi rasmi la kitaifa kuwa sawa na tuksedo. Kilti (sketi ya wanaume) ya Waskoti, sari, kimono ya Kijapani, kanzu na joho, vyote vimepita kwenye kumbi hizo. Neno la kushikilia ni "rasmi": liwe lile ambalo watu wako hulivaa siku kubwa.

*Mlangoni.* Linapita, na mara nyingi linapokelewa kwa furaha. Kama jioni ina rangi maalumu, hakuna anayelidai vazi la asili lifuate rangi hiyo, ingawa kitambaa cha kichwani au mkufu wenye rangi ile hupendeza.

*Sandukuni.* Hapa mavazi yanatofautiana mno. Sari ni kitambaa kilichokunjwa, haina shida. Kilti kamili na viambatisho vyake ni nzito kuliko tuksedo. Vazi lililotariziwa kwa uzi wa dhahabu linahitaji kulazwa, si kuviringishwa.

*Pasi.* Ulizia dobi mapema, usimkabidhi tarizi bila kumwonyesha. Dobi wa melini anafua nguo za maelfu ya watu na mashine zake ni kali.

*Mwilini.* Una faida ambayo wengine hawana: umeshalizoea. Unajua linavyokaa ukiketi, linavyoshikwa ukipanda ngazi. Jihadhari tu na mikono mipana karibu na supu na mishumaa.

*Baada ya safari.* Tayari lilikuwa na kazi kabla ya safari.

Inafaa nani? Aliye nalo na analipenda. Sishauri kununua vazi la watu wengine kwa ajili ya jioni moja ya melini. Na mtu mpole sana asiyependa kuulizwa maswali ajue ataulizwa, kwa wema, na pengine na kila meza. Mume wangu huyapenda maswali hayo. Kakake aliyesafiri nasi mara moja alichoka jioni ya kwanza, ya pili akavaa suti.

Na asiyetaka kuvaa rasmi?

Karibu kila meli yenye jioni rasmi huacha sehemu kadhaa huru: ukumbi wa kujihudumia, baa fulani, na chakula cha kuletewa kabini. Likizo ni yako. Tulifanya hivyo usiku mmoja nilipokuwa nimechoka na bahari imechafuka. Tulikula kwenye roshani, tumevaa kanzu za kuogea, na ulikuwa usiku mzuri. Lakini soma mipaka yake. Kwenye meli nyingine, kumbi za muziki na tamthilia nazo hufuata kanuni ya jioni hiyo, na huwezi kupita katikati yake na kaptura. Kama safari ina jioni nne rasmi na zote unataka kuzikwepa, huenda uliyoichagua ni meli isiyokufaa. Ni heri kuhamia kampuni isiyo na jioni hizo kuliko kukaa wiki mbili ukijificha.

Kwa hali yako

*Safari ya kwanza, wiki moja, meli ya kanuni laini:* njia ya tatu. Ongeza tai sandukuni, itakaa kimya ikisubiri.

*Safari ya kwanza, meli ya kimapokeo:* njia ya pili kwa mwanamume. Kwa mwanamke, ya pili au ya kwanza, kwa kadiri gauni lilivyo tayari kabatini.

*Mnaadhimisha ndoa au umri:* njia ya kwanza, hata kwa kukodi. Zile picha za kwenye ngazi kuu mtazitazama miaka mingi. Pangeni kuvaa rasmi wote wawili, kwa sababu mmoja akivaa tuksedo na mwenzake blauzi ya kawaida, wote hujihisi wamekosea.

*Nchi za joto:* koti jeupe la jioni, linalovaliwa kwenye maeneo ya joto tangu miaka ya 1930, ni zuri kwa anayelo, na suruali yake ni ileile nyeusi. Asiyenalo achague suti ya sufu nyepesi. Usiache shali, joto liko nje tu.

*Maji ya baridi, Norwei au Alaska:* sanduku lako litajaa sweta na makoti, basi jioni zikae kwenye vipande vya kuchanganya. Koti refu jeusi unalovaa nje wakati wa mchana linapita pia juu ya gauni.

*Watoto na vijana:* shati la kola na suruali ndefu kwa mvulana, gauni la sikukuu kwa msichana. Kijana anayekua usimnunulie suti miezi sita kabla. Mnunulie wiki ya mwisho.

*Unafika bandarini kwa ndege siku ileile ya kuondoka:* chochote ulichochagua, nguo moja kamili ya jioni ipande nawe ndani ya ndege. Tuliwahi kupanda meli huku sanduku moja limebaki uwanja wa ndege tuliopitia, na likatufikia bandari ya pili, siku ya nne. Jioni rasmi ya kwanza ilikuwa siku ya pili. Mume wangu aliingia ukumbini na suti aliyosafiri nayo, mimi na gauni la bluu ya usiku lililokuwa limeviringishwa ndani ya begi langu la mkononi pamoja na dawa na pasipoti, na viatu bapa nilivyokuwa nimevivaa tangu nyumbani.